Uwanja umefungwa, mechi ipo: mwongozo kamili wa shabiki wakati wa dharura

Machi 11, 2020, Paris Saint-Germain waliwakaribisha Borussia Dortmund pale Parc des Princes bila shabiki hata mmoja jukwaani. Agizo lilitoka kwa polisi, sababu ikiwa ni virusi vya korona. PSG wakashinda 2-0 na kufuzu. Nje ya mageti, hata hivyo, maelfu ya mashabiki walikuwa wamebanana, wanaimba na kuwasha mafataki, na kipenga cha mwisho kilipolia wachezaji wakatoka kwenda kushangilia pamoja nao. Viti vilikuwa vitupu kama ilivyoagizwa, na umati ukawa umesogea hatua chache tu kutoka pale ulipokatazwa.

Kisa hicho kinaeleza karibu kila kitu kuhusu namna mashabiki wanavyoliponza zuio. Mtu anasikia "uwanja umefungwa" anadhani kilichokatazwa ni kukaa kwenye kiti chake. Kinachokatazwa ni wingi wa watu mahali pamoja kwa muda mrefu. Ndiyo maana kwa kila jambo utakaloamua kuanzia siku ya tangazo hadi siku ya kurudi uwanjani, swali la kujiuliza ni hilihili: je, hapa ninasaidia kuujenga umati uleule mahali pengine?

Hatua ya kwanza: isome amri yenyewe

Usisome maelezo ya mtu kuhusu amri. Tafuta tangazo lenyewe, kisha angalia limetoka kwa nani, kwa sababu uzito hutofautiana. Amri ya serikali, ya mamlaka ya afya au ya polisi ina nguvu ya sheria: ukiikiuka unaweza kutozwa faini au kukamatwa wewe binafsi. Agizo la shirikisho au la ligi linaibana klabu, na mashabiki wakilivunja klabu ndiyo hubeba mzigo wa faini au wa kucheza tena bila watazamaji. Tangazo la klabu yenyewe mara nyingi linatekeleza mojawapo ya hayo mawili, na ndilo lenye habari za tiketi.

Ndani ya tangazo tafuta mambo manne: eneo, muda, wahusika na kitendo. Eneo ndilo linalosahauliwa zaidi. Je, zuio ni la ndani ya uwanja pekee, au linajumuisha barabara zinazouzunguka, maegesho na vituo vya usafiri vya karibu? Kama limetaja "maeneo yanayozunguka uwanja", basi kusimama nje ya geti na bendera ni kosa hata kama hujamkaribia mtu. Kuhusu wahusika, wakati mwingine wanaozuiwa ni mashabiki wa timu ngeni tu, au watoto na wazee, au watu waliotoka eneo fulani.

Halafu angalia nini kimeamuliwa kuhusu mechi, kwa sababu pesa yako inategemea neno moja hapo. Mechi *iliyoahirishwa* itachezwa siku nyingine, na kwa kawaida tiketi yako inabaki hai. *Iliyofutwa* haitachezwa, na hapo unadai marejesho. *Inayochezwa bila mashabiki* itachezwa siku ileile, ila wewe huingii. Kwa mwenye tiketi ni sawa na kufutwa. *Iliyohamishwa* inaweza kuchezwa mji mwingine, au hata nchi nyingine. Morocco ilipoomba Kombe la Mataifa ya Afrika la 2015 liahirishwe kwa hofu ya Ebola, CAF ilikataa, ikaipokonya uenyeji, na mashindano mazima yakaenda Guinea ya Ikweta. Na mechi *iliyovunjika*, yaani iliyoanza ikasimamishwa njiani, ina kanuni zake katika kila ligi: huenda ikamaliziwa dakika zilizobaki, ikarudiwa yote, au matokeo yakaachwa yalivyo.

Amri hubadilika pia. Kwa Olimpiki ya Tokyo, watazamaji wa kutoka nje ya Japani walizuiwa Machi 2021, na wenyeji nao wakaambiwa Julai, zikiwa zimebaki wiki mbili tu, kwamba viwanja vya Tokyo vitakuwa vitupu. Kwa hiyo soma tangazo siku linapotoka, lisome tena siku moja kabla ya mechi, na mara ya mwisho kabla ya kufunga mlango wa nyumba. Uamuzi wa dakika za lala salama upo. Oktoba 1, 2017, siku ya kura ya maoni ya Catalonia iliyogubikwa na vurugu, Barcelona walitangaza ikiwa imebaki chini ya nusu saa kwamba mechi yao na Las Palmas ingechezwa Camp Nou bila watazamaji. Watu walikuwa wameshafika getini.

Neno moja kuhusu uvumi. Picha ya barua yenye nembo na muhuri inayozunguka kwenye makundi ya simu haithibitishi kitu. Kutengeneza moja ni kazi ya dakika tano. Ifungue tovuti au ukurasa rasmi wa klabu na wa mamlaka iliyotajwa. Kama barua haipo huko kote kuwili, isubiri, wala usiisambaze kwa maneno ya "nimeipokea hivi hivi".

Hatua ya pili: fahamu dharura ni ya aina gani

Zuio ni moja, sababu ni nyingi, na kinachokulinda katika dharura moja kinaweza kukuumiza katika nyingine.

*Maradhi ya kuambukiza.* Hapa adui ni pumzi ya jirani na muda mnaokaa pamoja. Kushangilia kunazidisha mambo, kwa kuwa mtu anayeimba au kupiga kelele hutoa hewa na matone mengi kuliko anayekaa kimya. Tena jukwaa ni sehemu moja tu ya safari. Kuna treni iliyojaa, foleni ya ukaguzi, vyoo vya mapumziko, na sehemu za vinywaji kabla na baada ya mechi. Februari 19, 2020, zaidi ya watu 40,000 walikuwa San Siro, Milan, kutazama Atalanta wakiwafunga Valencia 4-1. Wengi wao walikuwa wamesafiri kutoka Bergamo. Wiki chache baadaye Bergamo ilikuwa miongoni mwa miji iliyoumizwa vibaya zaidi na korona barani Ulaya, na madaktari na viongozi wa huko waliitaja mechi ile kuwa moja ya vichocheo. Siku ya mchezo hakuna aliyekuwa amevunja amri yoyote, maana amri haikuwepo. Likumbuke hilo kila unaposhawishika kwamba kisichokatazwa ni salama.

*Tishio la shambulio au bomu.* Hapa kanuni ni kuondoka na kwenda mbali. Novemba 17, 2015, mechi ya Ujerumani na Uholanzi mjini Hannover ilifutwa ikiwa imebaki kama saa moja na nusu ianze, na watu wakaambiwa waende nyumbani. Katika hali hiyo usibaki karibu ili "kuona kitakachotokea", usirekodi video za askari walipojipanga, na usiguse begi lisilo na mwenyewe. Mei 15, 2016 Old Trafford iliondolewa watu kwa sababu ya kifaa kilichodhaniwa ni bomu, kumbe kilisahaulika baada ya mazoezi ya usalama. Waliotii na kutoka hawakupoteza kitu: walirejeshewa pesa, na mechi ya marudio ya Mei 17 wakaingia bure.

*Machafuko ya kiraia.* Aprili 29, 2015, Baltimore Orioles walicheza besiboli na Chicago White Sox mbele ya viti vitupu, mji ukiwa umetikiswa na ghasia zilizofuata kifo cha Freddie Gray, kijana mweusi aliyejeruhiwa akiwa mikononi mwa polisi. Mahudhurio rasmi yakaandikwa sifuri. Polisi walihitajika mitaani, na uwanja uliojaa ungewala askari wengi. Katika hali kama hii usitembee na jezi, bendera wala baruti za kushangilia hata kama una shughuli nyingine kabisa. Askari aliyekesha hulisoma tofauti kundi la vijana waliovaa rangi moja.

*Maafa ya asili.* Mafuriko, kimbunga au tetemeko vikipita, barabara na magari ya uokoaji yana kazi nyingine, na uwanja wenyewe unaweza kugeuka kimbilio la waliopoteza makazi, kama Superdome ya New Orleans wakati wa Kimbunga Katrina mwaka 2005. Usiende kuutazama.

*Vita.* Ligi Kuu ya Ukraine ilirejea Agosti 2022 bila watazamaji, wachezaji wakikimbilia mahandaki kila king'ora kinapolia; mechi moja ya mwezi huo ilikwisha baada ya zaidi ya saa nne. Shabiki katika hali hiyo afuate king'ora, ratiba ya mpira baadaye.

Hatua ya tatu: linda tiketi na pesa

Usiifute tiketi kwenye simu kwa hasira wala kuichana ya karatasi. Piga picha tiketi, risiti ya malipo, barua pepe ya uthibitisho, na ukurasa wa tangazo la zuio ukiwa na tarehe yake. Viweke mahali pamoja. Ukurasa wa klabu hubadilishwa, na masharti uliyoyasoma leo huenda kesho yakawa mengine.

Baada ya hapo subiri kidogo, ila usisinzie. Klabu kwa kawaida hutoa utaratibu wa marejesho ndani ya siku chache, na utaratibu huo huwa na tarehe ya mwisho ambayo watu hawaioni. Utapewa uchaguzi: pesa taslimu, salio la mechi nyingine, au kuiachia klabu kama mchango. Chaguo la salio ndilo linalosukumwa zaidi, na ndilo ninaloliamini kidogo zaidi, kwani dharura haina tarehe ya kwisha na salio huwa na tarehe ya kwisha. Kama klabu ni ndogo na unaipenda, kuiachia pesa ni jambo jema, ila iwe kwa hiari yako, isiwe kwa sababu hukubofya kitufe kwa wakati.

Ulinunua kupitia mtu wa kati? Dai lako liko kwake, si kwa klabu. Ulinunua kwa mlanguzi? Huenda ukaambulia patupu, maana jina lililo kwenye mfumo si lako na marejesho yatarudi kwenye akaunti ya mnunuzi wa kwanza. Usije ukanunua tena "nafasi ya siri ya kuingia" kwa mechi inayochezwa bila mashabiki. Nafasi hiyo haipo. Wanaoingia ni timu, waamuzi, maofisa, watangazaji, wahudumu wa afya na walinzi, na majina yao yameorodheshwa kabla.

Kwa mwenye tiketi ya msimu hesabu ni ndefu. Uliza mechi ngapi za nyumbani zimebaki, thamani ya kila moja inahesabiwaje, na kama kiti chako kinabaki chako msimu ujao ukidai pesa. Uliza kwa maandishi. Jibu la simu halina ushahidi.

Nauli na malazi ni mikataba mingine kabisa. Klabu haitakulipa hoteli. Hoteli nayo itakuuliza: mji umefungwa, au mechi tu ndiyo imefungwa? Kama mji uko wazi na wewe ndiye uliyeamua kutokwenda, masharti ya kughairi ni yale uliyoyakubali ulipoweka nafasi. Ndiyo sababu wanaosafiri sana kufuata timu huweka vyumba vinavyoghairika, hata kama ni ghali kidogo.

Hatua ya nne: kama ni mechi ya ugenini

Hapa pana mtego wake. Siku ileile ya PSG na Dortmund, Atlético Madrid walikuwa Anfield kucheza na Liverpool. Hispania ilikuwa tayari imeamua mechi za ligi yake zichezwe bila watazamaji. Uingereza ilikuwa haijafunga. Mashabiki wapatao 3,000 wa Atlético wakasafiri: kwao wangezuiwa kuiona timu yao, ugenini wakakaa jukwaani. Hakuna sheria iliyovunjwa, na maamuzi ya siku ile yamelaumiwa tangu hapo.

Kwa hiyo kanuni yangu ni kupima safari kwa amri iliyo kali zaidi kati ya mbili, ya unakotoka na ya unakokwenda. Kama kwenu mmezuiwa kukusanyika kwa sababu ya maradhi, ninyi ndio mnaoyabeba kwenda kwa wenyeji. Na kumbuka kurudi: mpaka unaweza kufungwa ukiwa upande wa pili, ukajikuta karantini kwa gharama yako.

Ukiwa umeshafika na zuio likatangazwa huko huko, usiende uwanjani "kwa kuwa tumekuja". Baki ulikofikia, mjulishe kiongozi wa msafara, wasiliana na klabu yako (nyingi huwa na afisa wa mashabiki kwa safari za ugenini), na kama ni nchi ya kigeni uweke namba ya ubalozi wenu karibu.

Hatua ya tano: tazama bila kukusanyika

Umati wa jukwaani hupenda kuhamia sebuleni kwa mtu mwenye televisheni kubwa. Sebule ya watu kumi na wanane madirisha yakiwa yamefungwa ni hatari kuliko jukwaa la wazi, kama dharura ni ya maradhi. Kama amri imetaja idadi ya juu ya watu ndani ya nyumba, ifuate. Kama haikutaja, watu mnaoishi pamoja wanatosha.

Kutazama pamoja kwa simu kunawezekana, na kuna tatizo dogo linaloharibu raha: matangazo hayafiki kwa wote kwa wakati mmoja. Redio na antena hutangulia, setilaiti hufuata, na intaneti inaweza kuchelewa nusu dakika au zaidi. Mmoja anapiga ukelele wa goli wakati kwako mpira bado uko katikati ya uwanja. Dawa yake: kabla ya kuanza, kila mmoja ataje saa ya mchezo anayoiona kwenye kioo chake. Mwenye kutangulia zaidi asitishe picha hadi awafikie wa nyuma, kama kifaa chake kinaruhusu. Kama hakiruhusu, kubalianeni kwamba hakuna kuandika chochote kundini mpaka wa mwisho aseme "nimeona". Wengine hukubaliana kunyamaza kipindi chote na kuzungumza mapumziko tu, na hilo nalo lina ladha yake.

Mkitaka timu iwasikie, njia zipo zisizohitaji geti. Mashabiki wa Borussia Mönchengladbach walilipia picha zao za maboksi zisimamishwe jukwaani mwaka 2020, maelfu kwa maelfu. Lokomotive Leipzig, klabu ya ngazi za chini Ujerumani, waliuza tiketi za euro moja za mechi isiyokuwepo, lengo likiwa kuvuka idadi ya watu 120,000 inayosimuliwa kuhudhuria nusu fainali yao ya 1987 dhidi ya Bordeaux, na wakavuka. Bango lililotundikwa ndani ya uwanja na wahudumu wa klabu kwa ruhusa linafanya kazi kuliko watu mia nje ya ukuta.

Hatua ya sita: ubingwa ukija

Hapa ndipo nidhamu ya miezi huvunjika kwa dakika moja. Juni 17, 2020 Napoli waliifunga Juventus kwa penalti katika fainali ya Coppa Italia iliyochezwa Roma bila watazamaji, na mitaa ya Naples ikafurika. Juni 25 mwaka uleule Chelsea waliifunga Manchester City, na Liverpool, ambao siku hiyo hawakucheza, wakawa mabingwa wa ligi baada ya miaka 30. Watu wakamiminika Anfield. Rangers ya Glasgow walipata ubingwa wa Machi 7, 2021 kwa namna hiyohiyo, Celtic walipotoka sare, na George Square, eneo la wazi katikati ya mji, likajaa.

Tazama hizo mbili za mwisho: taji lilikuja timu ikiwa haichezi, kwa matokeo ya wengine. Maana yake huwezi kupanga shamrashamra kwa kuangalia ratiba ya timu yako peke yake. Piga hesabu mapema: ni matokeo gani, ya mechi zipi, yatakayotupa taji au kutupandisha daraja, na siku zipi? Zijue siku hizo wiki mbili kabla. Kisha tawi likubaliane nini kitafanyika dakika ileile, kwa sababu furaha bila mpango huelekea uwanjani yenyewe. Bendera madirishani, honi kwa muda uliokubaliwa, wimbo wa klabu kutoka kila kibaraza kwa wakati mmoja. Klabu nayo isukumwe itangaze mapema, kabla ya taji, kwamba sherehe na mashabiki itafanyika zuio likiondolewa. Mtu aliyeahidiwa siku yake huvumilia zaidi kuliko aliyeambiwa "kaa ndani" tu. Na wachezaji waambiwe wasitoke getini. Mchezaji mmoja akipunga mkono kutoka kwenye ukuta, hakuna askari atakayewarudisha watu nyuma.

Hatua ya saba: umejikuta katikati ya umati

Labda ulikuwa unapita. Labda ulikuja kabla ya tangazo. Sababu haijalishi kwa sasa.

Pima msongamano kwa mwili wako. Ukiweza kugeuka mzima bila kumgusa mtu, una nafasi. Ukiguswa mabegani pande zote mbili, ondoka sasa hivi, usisubiri mwenzako amalize kurekodi. Ukihisi unasogezwa bila kupiga hatua, umeshafika pabaya. Wataalamu wa usalama wa umati huanza kuwa na wasiwasi watu wanapofikia watano kwa mita moja ya mraba. Katika msongamano wa namna hiyo wengi hufa kwa kukosa pumzi, hata wakiwa wamesimama, kwa sababu kifua hakina nafasi ya kutanuka.

Kwa hiyo kazi yako ni kulinda kifua. Kunja mikono mbele yake kama bondia, miguu mmoja mbele mmoja nyuma. Usipige kelele bila lazima, hewa ni yako. Usishindane na msukumo unapokuja. Uache ukupeleke, na ukitulia sogea kwa mshazari kuelekea pembeni. Kaa mbali na kuta, uzio na geti lililofungwa, maana huko ndiko watu hubanwa. Simu ikianguka, iache. Ukianguka wewe na ukashindwa kuinuka, jikunje kwa ubavu, mikono imezunguka kichwa, na usimame mara tu pakitokea upenyo. Mtoto abebwe juu, usawa wa kifua chako, asiwe mgongoni ambako humwoni.

Mabomu ya machozi yakipigwa, mbio za ghafla kuelekea mlango mmoja zinaua kuliko moshi. Accra, Mei 9, 2001, walikufa watu 126. Kanjuruhan nchini Indonesia, Oktoba 1, 2022, walikufa 135. Mara zote mbili gesi ilipigwa ndani ya uwanja na watu wakakwama kwenye milango. Ukiwa nje una bahati ya nafasi: jua upepo unatoka wapi, elekea huko kwa kutembea haraka, funika pua na mdomo, usisugue macho, na ukipata maji safi yaoshe kwa wingi. Lenzi za macho zitolewe kwa mikono iliyonawiwa.

Dharura ikitokea ukiwa tayari ndani, usidhani kutoka ndiko usalama. Oktoba 16, 2023 mjini Brussels, raia wawili wa Sweden waliuawa kwa risasi jioni ya mechi ya Ubelgiji na Sweden. Mechi ikavunjwa wakati wa mapumziko, na watazamaji wakabaki uwanjani hadi polisi walipoona ni salama kuwatoa. Sikiliza kipaza sauti, angalia wanachoelekeza walinzi wa jukwaa lako, mtumie nyumbani ujumbe mfupi (ujumbe hupita pale simu zinapokataa), na okoa chaji.

Kwa askari, swali lenye manufaa ni fupi: "Nipite wapi kuondoka?" Mabishano kuhusu uhalali wa amri yana mahali pake, na mahali hapo si mbele ya ngao.

Hatua ya nane: kwa viongozi wa matawi

Wewe ndiye utakayesikilizwa kuliko tangazo la serikali, kwa hiyo semeni kwa sauti moja. Mtu mmoja atoe taarifa, mmoja ashughulikie pesa za msafara. Ujumbe uwe mfupi na usiache mwanya, kwa mfano:

"Wanatawi, mechi ya Jumamosi itachezwa bila mashabiki kwa agizo la (mamlaka) la tarehe (tarehe). Hakuna msafara. Hatukutani getini, kituoni wala ukumbini kwetu. Tunzeni tiketi, utaratibu wa marejesho tutautuma ukitoka klabuni. Aliyelipia basi awasiliane na mweka hazina kabla ya Ijumaa jioni. Taarifa yoyote isiyotoka kwa katibu si ya tawi."

Angalia maneno "getini, kituoni wala ukumbini". Ukiandika "hakuna msafara" tu, watu watakwenda kila mmoja kivyake wakutane palepale.

Kama mnaona zuio halina haki, andikeni barua kwa klabu, kwa ligi na kwa mamlaka iliyolitoa, mkiuliza limejengwa juu ya sababu gani, litapitiwa lini, na vigezo gani vikitimia litaondolewa. Mkiwa na chama kilichosajiliwa, mwanasheria anaweza kuwaeleza kama kuna njia ya mahakama. Wakumbukeni pia wanaotegemea siku za mechi kula: wauza skafu, wauza vinywaji, walinzi wa muda.

Hatua ya tisa: milango ikianza kufunguliwa

Hufunguliwa kwa vipande. Super Cup ya UEFA ya Septemba 24, 2020 mjini Budapest iliruhusu sehemu tu ya viti. Uingereza ilipoanza kurudisha watu Desemba 2020, ukomo wa viwanja vya wazi ulikuwa 4,000 au 2,000 kutegemea eneo, na maeneo yaliyokuwa na hali mbaya zaidi hayakupata hata mmoja. Tarajia bahati nasibu kati ya wenye tiketi za msimu, tiketi yenye jina lisilohamishika, saa maalumu ya kuingia na geti maalumu. Hakikisha taarifa zako kwenye mfumo wa klabu ni sahihi kabla ya bahati nasibu kuchezeshwa, hasa namba ya simu na jina kama lilivyo kwenye kitambulisho. Wengi hukosa nafasi kwa sababu ya barua pepe waliyoacha kuitumia zamani.

Mkiomba kama kundi, someni masharti: mara nyingi mnakaa pamoja ikiwa tu mnaishi nyumba moja, na jina la mmoja likikataliwa kundi zima huondolewa. Ukishinda nafasi na ukaumwa siku ya mechi, irudishe mapema kwa njia ya klabu ili apewe aliye kwenye orodha ya akiba.